Phantom Train kufa kwa Phoenix Down sio bagi

Bado kuna watu wanabisha eti Phantom Train, ile treni ya mizimu kwenye gemu la Final Fantasy VI la 1994, ukiirushia Phoenix Down (dawa ya kufufua waliokufa) ikafa hapohapo basi ni bagi, yaani hitilafu ya gemu. Hapana jamani! Treni ile imewekwa kundi la wafu, na kwenye gemu hii mfu ukimtibu unamuumiza, dawa ya kufufua ndo inammaliza kabisa, sasa hii haikupewa kinga ya kufa ghafla kama mabosi wengi, basi inakufa. Hata Sabin, mmoja wa wahusika unaowacheza, kuinyanyua na kuibwaga chini, kitu nakipenda sana, ni kwa sababu treni haijawekewa kizuizi cha kubwagwa tu. Bagi ya kweli ni kumpiga adui uchawi wa Vanish (wa kumfanya asionekane) halafu Doom (wa kuua ghafla), inaua hata bosi mwenye kinga, hiyo ndo ilirekebishwa kwenye toleo la Game Boy Advance.