Mbili, moja, sifuri: seti ya tano ya Zverev kijana

Katika daftari langu la mazoezi kuna ukurasa wenye namba tatu tu: 2, 1, 0. Ni gemu alizoambulia Alexander Zverev, mchezaji tenisi wa Ujerumani, kwenye seti ya tano (seti kwa kawaida huchukuliwa na anayetangulia kufikisha gemu sita) mbele ya Rafael Nadal, Melbourne, Januari 2017. Mbele ya Milos Raonic, Wimbledon, Julai mwaka huohuo. Na mbele ya Chung Hyeon, Melbourne tena, Januari 2018. Mechi zote tatu alikuwa akiongoza seti mbili kwa moja.

Mzazi mmoja aliuona ukurasa ule akashangaa. "Mwalimu, si ndiye huyu aliyempiga Djokovic fainali ya Roma?" Ndiye. Mei 2017, akiwa na miaka 20, alimfunga Djokovic 6-4, 6-3 kwa dakika 81, akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa miaka ya 1990 kutwaa taji la Masters 1000, ngazi iliyo chini ya yale mashindano manne makubwa. Hazikupita hata siku kumi, akatolewa raundi ya kwanza Paris na Fernando Verdasco. Agosti akamfunga Federer fainali ya Montreal; mwisho wa mwezi, New York, Borna Coric akamrudisha nyumbani raundi ya pili. Magazeti yakaandika kwamba kijana ana kichwa dhaifu, anaogopa mashindano makubwa. Mimi sikukubali wakati ule, na leo bado sikubali.

Tuanze na hesabu. Masters ni seti tatu, ukishinda mbili umemaliza. Yale mashindano manne makubwa, yaani Melbourne, Paris, Wimbledon na New York, upande wa wanaume, ni seti tano, lazima ushinde tatu. Ukifika seti ya nne, uko mahali ambapo ratiba yako ya wiki nyingi za mwaka haijawahi kukupeleka.

Sasa mtazame mwenyewe. Urefu wake ni mita 1.98, na wakati ule alikuwa mwembamba kama mnazi mchanga. Alipenda kusimama nyuma sana ya mstari na kurudisha kila kitu, hasa kwa bekihendi ya mikono miwili, pigo la upande wa pili wa mkono anaochezea, ambayo sifa zake nyingi humwendea mama yake, Irina, aliyemfundisha akiwa mdogo. Bekihendi ile ni nzuri mno, na nadhani ndiyo iliyomponza. Ukiwa na pigo usiloogopa kulipiga mara 20 mfululizo, huoni haja ya kwenda wavuni kuikata pointi. Kwa seti mbili mchezo huo ni raha. Kwa saa nne ni deni, na miguu ndiyo inayolipa. Mechi ya Nadal ilifika hapo hasa: mapigo marefu ya kupokezana kwenye seti ya tano, misuli ikaanza kumkaza, kwisha. Na siku chache kabla alikuwa ametumia seti tano nyingine kumtoa Robin Haase.

Miguu ikichoka, kinachoharibika kwanza ni servisi ya pili, ile nafasi ya mwisho ya kuanzisha pointi baada ya kukosea ya kwanza. Hili nawaonyesha vijana wangu kwa ndoo ya mipira. Piga servisi za pili kumi ukiwa mzima, tuhesabu. Kimbia mstari hadi mstari mpaka upumue kwa mdomo, kisha piga kumi nyingine. Mpira wa servisi ya pili unapanda juu ya wavu kwa sababu magoti yamekunjwa na kusukuma. Magoti yakikataa kukunjwa, mkono unabaki peke yake na mpira unaishia wavuni. Kwa mtu mrefu kukunja huko ni kazi zaidi. Makosa mawili mawili ya servisi, yaani kukosea zote mbili na kupoteza pointi, ambayo watu waliyaita woga, mimi naanza kuyatafuta magotini.

Wengi walidhani mwili ule ungekuwa tayari mapema kwa sababu alitokea mapema. Alizaliwa Hamburg Aprili 1997, wazazi wote wawili walikuwa wachezaji wa Muungano wa Kisovyeti, na kaka yake Mischa, aliyemzidi miaka karibu kumi, tayari alikuwa akicheza kulipwa. Januari 2014 akatwaa taji la vijana Melbourne. Julai akashinda Braunschweig, shindano la Challenger, ngazi ya chini ya mashindano ya kulipwa, kisha nyumbani Hamburg, ambako waandaaji walimpa nafasi, akafika nusu fainali akiwa na miaka 17. Pale David Ferrer akamchapa 6-0, 6-1. Kila mtu anakumbuka nusu fainali. Kwangu mimi matokeo ya Ferrer yana habari zaidi: mtu mzima mfupi, asiyechoka, akimzungusha kijana huku na huko kwenye udongo.

Kuna jambo moja hatukulijua sote. Agosti 2022 Zverev alitangaza kwamba anaishi na kisukari cha aina ya kwanza tangu utotoni. Sidai kwamba kisukari ndicho kilichompotezea seti zile. Mimi ni kocha, si daktari. Lakini wale wa "kichwa dhaifu" walikuwa wakimhukumu kijana aliyepanga sukari ya mwili wake kwa mechi ambayo haijulikani itaisha lini.

Paris 2018 ukurasa wangu ulianza kuharibika. Lajović, Džumhur, Khachanov, mechi tatu mfululizo akiwa nyuma seti mbili kwa moja, na zote akazigeuza. Mbele ya Džumhur alikuwa pointi moja tu kutolewa. Seti za tano: 6-2, 7-5, 6-3. Robo fainali, mbele ya Dominic Thiem, paja likafungwa bandeji katikati ya mechi, akafungwa 6-4, 6-2, 6-1. Chini ya 2, 1, 0 nikaongeza 6, 7, 6, kisha nikachora paja.