Gari la Zamani na Petroli Yenye Ethanoli: Anza na Mipira ya Mafuta

Wenye magari ya zamani wakisikia petroli imechanganywa na ethanoli, wengi huhofia injini. Mimi nahofia zaidi mpira wa mafuta, ule mweusi unaoingia kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Ukiutazama juujuu utadhani mzima. Ukunje karibu na klipu: vijiufa vinafunguka kama kisigino kikavu. Uchomoe, pitisha kidole ndani, kinatoka cheusi na kinanata. Mpira huo umepita juu ya injini yenye joto, na petroli ikidondokea hapo gari laweza kuteketea.

Ethanoli ni pombe, na hushambulia vitu ambavyo petroli tupu haikuvidhuru. Mipira na gasketi za miaka ile huvimba, hulainika, kisha hupasuka. Uchafu uliogandia tangini nao hung'oka na kuziba filta. Nimeona pampu nzima zikitupwa bure kwa sababu hiyo, kumbe ilikuwa filta tu.

Kisha kuna maji. Ethanoli hunyonya unyevu wa hewani. Petroli ya E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, ikiingiwa na maji yanayokaribia nusu ya asilimia moja, ethanoli na maji hujitenga na kutuama chini ya tangi, kulekule bomba linakovuta. Injini inagoma kuwaka, na ndani ya kabureta huota unga mweupe wa kutu ya aluminiamu. Gari linalotembea kila siku halifiki huko kirahisi. Linaloumia ni lile linalolazwa kwa miezi.

Ulaji wa mafuta huongezeka kidogo, kwani E10 ina nishati pungufu kwa asilimia 3 hivi. Magari yenye sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni kwenye moshi wa injini, hujirekebisha yenyewe. Kabureta haiwezi, hivyo hewa huzidi mafuta na injini husitasita ukikanyaga. Fundi mzoefu ataitengeneza.

Magari mapya yaliyotengenezwa kuanzia 2011 kwa soko la Ulaya huhimili E10. Kama lako ni la zamani zaidi, soma kitabu chake, kisha badilisha mipira yote, hata ile inayoonekana mizima, uweke iliyotengenezwa kuhimili ethanoli. Ukimaliza, washa injini dakika kumi, izime, ipoe, halafu pitisha karatasi laini kwenye kila kiungo. Ikilowa au ikinuka petroli, gari lisitoke.