Kaskazi bila umeme: dhana potofu kuhusu joto na ukweli wake

Wakaazi wa Unguja waliokuwa na fahamu zao mwaka 2009 hawajausahau msimu ule wa kaskazi. Tarehe 10 Disemba hitilafu ilitokea katika njia ya kebo inayopita chini ya bahari kuleta umeme kutoka bara hadi Fumba, na kisiwa kizima kikakaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010, yaani katika miezi ileile ambayo jua letu huwa kali zaidi na hewa huwa nzito kwa unyevunyevu wa bahari. Mwaka 2008 tulikuwa tumeshakosa umeme kwa takribani mwezi mmoja, lakini hiyo ilikuwa Mei na Juni, masika yanamalizika na kipupwe kinaingia, kwa hiyo shida yetu kubwa ilikuwa giza na ukosefu wa maji. Kaskazi ndiyo iliyotuonyesha kwamba umeme ukikatika kwa muda mrefu joto lenyewe huwa hatari, na kwamba baadhi ya mambo tunayoyaamini majumbani huizidisha hatari hiyo. Kebo mpya ilianza kazi mwaka 2013, lakini umeme bado hukatika, na dhana zilezile ninaendelea kuzisikia.

Iliyoenea kuliko zote ni ile isemayo kwamba sisi watu wa pwani tumeshazoea joto na haliwezi kutudhuru. Ni kweli kwamba mwili huzoea: mtu akikaa katika hari kwa wiki moja au mbili, huanza kutokwa na jasho mapema na kwa wingi zaidi. Hata hivyo mazoea hayo yana mpaka, kwa sababu mwili hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi, si pale linapotiririka na kudondoka, na katika fukuto la kaskazi jasho hukawia kukauka hata kama kipimajoto kinaonyesha nyuzi 32 au 33 tu. Feni ndiyo iliyokuwa ikilikausha kila usiku pasipo sisi kuifikiria. Ikizimika, mzee, mjamzito, mtoto mchanga, mgonjwa wa moyo na mtu anayetumia vidonge vya presha vinavyopunguza maji mwilini hawako sawa kabisa na kijana aliyejinyoosha barazani, ingawa wote wamezaliwa mtaa mmoja. Kumvalisha mtoto mchanga kofia na soksi usiku wa namna hiyo, kama tulivyozoea, ni kumzibia njia ya kutoa joto.

Wengine hushauri madirisha yafungwe mchana kutwa ili joto lisiingie. Ushauri huo unafaa mahali penye kuta nene, na nyumba za Mji Mkongwe zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa zinaweza kunufaika nao. Lakini nyumba nyingi za Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na za mashamba zina kuta nyembamba na mabati yasiyo na dari, na chumba cha namna hiyo kikifungwa saa nane mchana huwa na joto kuliko kivuli cha mwembe ulio nje. Humo ni bora kufungua kila kinachofunguka, na wale walio dhaifu wakatolewa nje wakae kivulini.

Bibi yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshapita miaka sabini, alifunga dirisha na kutia komeo kila usiku kwa kuogopa wezi. Asubuhi moja ya Februari tulimkuta amekaa kitandani, kanga imemganda mwilini kwa jasho, akituuliza tumerudi lini kutoka Pemba, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekwenda Pemba. Shangazi alimgusa paji la uso, akasema ni homa, akamfunika shuka nzito na kwenda kutafuta parasetamoli. Jirani mmoja akasema mzee amepandwa na shetani, aletewe mtu wa kumsomea. Aliyemwokoa ni mama mmoja wa nyumba ya tatu, muuguzi mstaafu, aliyeingia na kusema kwa ukali, "Mfunueni, mtoeni uani, mmwagieni maji."

Homa na kuzidiwa na joto ni vitu viwili tofauti. Katika homa ubongo wenyewe ndio unaoamuru joto lipande ili mwili upambane na vijidudu, na parasetamoli hufanya kazi kwa kuitengua amri hiyo. Mtu aliyezidiwa na hari hana amri ya kutenguliwa: mwili wake umeshindwa kutoa joto, na vidonge havitamsaidia chochote. Mtu akianza kupayapaya, kuyumba, kupoteza fahamu au kupata degedege katika joto, na hasa mwili wake ukifika nyuzi 40, hiyo ni dharura inayoweza kuua ndani ya saa chache. Wala tusisubiri ngozi iwe kavu ndipo tuamini, kwani wapo wanaofikia hali hiyo wakiwa bado wanatokwa na jasho. Anayesomewa asomewe, lakini maji yatangulie.

Imani kwamba maji baridi humletea mtu mwenye hari mshtuko au kupooza imewafanya wengi wasite hapohapo. Kwa mtu aliyezidiwa na joto, kumlowesha kwa maji baridi huku akipepewa ndiyo tiba yenyewe, na barafu ikipatikana iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Aanze kupozwa palepale wakati gari linatafutwa, na asinyweshwe kitu maadamu akili yake haijatulia. Bibi alimwagiwa maji ya kisima, akapepewa kwa kipepeo cha ukindu mpaka mikono yetu ikachoka, na alipoanza kutuita kwa majina yetu sahihi ndipo tulipompeleka hospitali.

Kuhusu kunywa, dhana ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu anywe akisikia kiu, ilhali wazee hawasikii kiu sawasawa, na inafaa wapewe maji kidogo kidogo hata kama hawakuomba. Ya pili ni kwamba dafu hurudisha kila kilichotoka na jasho. Dafu ni kinywaji kizuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho hutoa sodiamu zaidi, na mgonjwa wa figo anaweza kudhurika na potasiamu hiyo. Aliyetokwa na jasho jingi na kulegea inamfaa zaidi pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, au lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Samaki ndiye aliyewaangusha wengi kwa dhana kwamba akikaangwa upya mpaka akauke hana madhara tena. Friji isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa saa nne hivi, na friza iliyojaa kwa takribani siku mbili. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao, na histamini haiharibiwi na moto, wala kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Mlaji huiva uso, kichwa kikamgonga, mwili ukamwasha, na mara nyingi husema ana mzio wa samaki. Harufu haitoshi kumpima, maana anaweza kuwa na sumu hiyo kabla hajanuka. Wali uliolala nje nao ni vivyo hivyo, unaweza kuwa na sumu inayostahimili kupashwa moto.

Wagonjwa wa kisukari huharakisha kuzika insulini ndani ya barafu. Insulini ikiganda huharibika na haifai tena hata ikiyeyuka. Chupa iliyoanza kutumika kwa kawaida hustahimili nyuzi 25 hadi 30 kwa takribani wiki nne, kwa hiyo inatosha kuiweka penye kivuli ndani ya chungu kilichoingizwa katika chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, isiguse maji wala barafu.

Na jenereta. Ule msimu zilinguruma kwenye kila kibaraza, na wengi waliamini kwamba dirisha likiwa wazi inatosha. Haitoshi. Hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka humo haina rangi wala harufu, huingia kwa dirisha hilohilo, na jiko la mkaa chumbani huitoa vilevile. Jenereta iwekwe mbali na nyumba, kiasi cha mita sita au zaidi, bomba la moshi likielekea upande usio na dirisha la mtu, la jirani likiwemo. Watu wawili wa nyumba moja wakilalamika kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, wasidhaniwe kwamba ni joto tu: watolewe nje kwanza, na mashine izimwe.