Jinsi 641 ilivyomwangusha Fermat

Katika namba kubwa zote ninazokutana nazo kazini, 4294967297 ndiyo ninayorudi kwake mara nyingi zaidi. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukijumlisha 1.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa, alikuwa na 3, 5, 17, 257 na 65537. Kila moja ni 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha 1 juu yake, na zote ni namba tasa. Akaamini kuwa zinazofuata nazo ni tasa. Inayofuata ni hii yetu, na mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaonyesha kwamba ni 641 × 6700417.

Wengi hudhani Euler aligawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine mpaka akachoka. Hapana. Chukua namba tasa p inayoigawanya 4294967297 bila baki. Kwa hesabu ya mabaki ya p, yaani ukitazama tu baki baada ya kugawanya kwa p, 2 kwa kipeo cha 32 ni sawa na −1, kwa hiyo kipeo cha 64 ndicho cha kwanza kurudisha 1. Basi 64 lazima iigawanye p − 1. (Hatua hii inasimama juu ya teoremu ya Fermat mwenyewe: 2 kwa kipeo cha p − 1 nayo huacha baki 1! Silaha ilikuwa mkononi mwake.) Namba tasa zenye umbo la 64k + 1 zinaanza hivi: 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano tu, umefika. Baadaye mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas alibana zaidi: umbo ni 128k + 1. Hapo zinabaki 257, ambayo inaacha baki 2, halafu 641.

Na kuna njia ya kuhakikisha 641 bila kugawanya kabisa. Hii ndiyo ninayoipenda. Angalia 641 kwa sura mbili: 5 × 128 + 1, na pia 625 + 16. Sura ya kwanza inasema 5 × 2⁷ ni −1 kwa mabaki ya 641. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Sura ya pili inasema 5⁴ ni −2⁴. Iweke mahali pake, unapata −2³² ni 1, yaani 2³² + 1 inagawanyika kwa 641. Mistari mitatu, kalamu haijapata joto.

Je, 6700417 yenyewe ni tasa? Isingekuwa tasa, ingekuwa na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 2589, na kigawo chake chochote tasa kingeigawanya pia namba mama, hivyo lazima kiwe na umbo lile lile la 128k + 1. Ukiondoa 257, zimebaki 641, 769, 1153 na 1409. Zijaribu zote nne: kila moja inaacha baki, basi ni tasa.