Je, Wajua Kwa Nini Jarida la The Dial Lilidumu Miaka Minne Tu?

Julai 1840, mjini Boston, Marekani, lilitoka toleo la kwanza la The Dial, jarida la fasihi na falsafa lililopewa jina la saa ya jua, ile inayoonyesha wakati kwa kivuli. Jina hilo lilitoka kwa Bronson Alcott, mmoja wa wanafikra walioitwa watransendentali, ambao waliamini kwamba mtu anaweza kuitambua kweli kwa nuru iliyo ndani ya nafsi yake, hata pale ambapo milango mitano ya fahamu haifiki. Imani hiyo iliwaudhi wakubwa wa dini, hasa baada ya hotuba ya mwenzao, mwandishi Ralph Waldo Emerson, katika chuo cha Harvard mwaka 1838, na ndiyo maana watransendentali walihitaji jarida lao wenyewe.

Mhariri wa kwanza alikuwa mwanamke, Margaret Fuller, jambo la nadra sana kwa zama zile. Aliahidiwa dola 200 kwa mwaka, lakini fedha hizo hazikupatikana, na waandishi nao hawakulipwa. Alikusanya makala, akazisahihisha, na palipopungua aliandika mwenyewe, hadi mwaka 1842 alipochoka na kumwachia Emerson kazi hiyo.

Kilicholiua jarida ni uchache wa wasomaji. Semi za Alcott zilizotoka humo, zilizojaa mafumbo, zilichekwa magazetini, na kufikia mwaka 1843 Elizabeth Peabody, mwenye duka la vitabu aliyekuwa mchapishaji wake, aliona kwamba waliolilipia walizidi 200 kwa wachache tu, idadi isiyotosha kulipia hata uchapaji. Toleo la mwisho, la 16, lilitoka Aprili 1844.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, hesabu hiyo ya wateja haitoshi kulipima jarida hili. Humo Henry David Thoreau, mwandishi aliyekuwa bado hajulikani, alichapisha mashairi na insha zake za mwanzo. Humo zilitolewa tafsiri za maandiko ya Kihindu, ya Kibudha na ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, maandiko ambayo Wamarekani wengi wa wakati huo hawakuwahi kuyasoma. Na humo, Julai 1843, Fuller alichapisha insha ndefu akidai kwamba mwanamke aachwe akue kwa kadiri ya uwezo wa nafsi yake, insha ambayo aliipanua ikawa kitabu mwaka 1845, wakati jarida lenyewe lilikuwa limekwisha kufa.