Usitafute cheti cha 1965 kwa jina la shule la leo

Maombi yanayoletwa ofisini kwetu na wastaafu na warithi wanaotafuta kumbukumbu za shule za miaka ya sitini yameongezeka, na malalamiko pia. Maombi mengi yana kasoro moja: mwombaji anaandika jina la shule linalosomeka getini leo.

Tulipopata uhuru kulikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mgawanyo huo wa rangi uliondolewa kisheria kuanzia Januari 1962. Kisha Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za misheni na za jumuiya zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya Serikali, na majina mengi yakabadilika. Mama mmoja alituletea karatasi iliyokunjwa mara nne, wino umefifia, imeandikwa "Marian College, Morogoro". Alikwishaambiwa kwamba shule hiyo haipo. Ipo, ndiyo Kilakala. St. Joseph's Convent ya Dar es Salaam ilibadilishwa jina kuwa Forodhani. Aga Khan ya wavulana ni Tambaza.

Baraza la Mitihani la Tanzania nalo lisionewe kwa kulaumiwa kupoteza matokeo. Liliundwa kwa Sheria Na. 21 ya 1973. Litapotezaje matokeo ya kidato cha nne ya 1964? Mtihani ule ulikuwa wa Cambridge, Uingereza. Na "darasa la nane" kwenye karatasi za zamani si kosa la karani: shule ya msingi ilikuwa ya miaka minane kabla ya kupunguzwa kuwa saba. Wanaoshangaa darasa la saba kuondolewa sasa, na hilo walijue.

Mwombaji alete barua, kitambulisho na taarifa ya upotevu kutoka polisi. Mrithi aongeze nakala ya barua ya usimamizi wa mirathi yenye mhuri wa mahakama. Kikao cha ukoo pekee hakitoshi. Majina yakitofautiana, kwa mfano mzee aliandikishwa misheni kwa jina la ubatizo na kustaafu kwa jina la nyumbani, tunapokea kiapo kilichothibitishwa na kamishna wa viapo. Kimoja. Wapo wanaoleta vitatu vinavyopingana.

Tusisitize: kughushi hati ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake ya kawaida ni kifungo kinachoweza kufika miaka 7. Anayeiwasilisha huku akijua ni ya kughushi naye yumo, hata kama aliyeichapa ni mtu wa stesheneri.

Majibu hutolewa kwa maandishi. Hatutoi taarifa kwa simu, wala kwa binamu aliyetumwa mikono mitupu.