Katheta ya Moyo: Maswali ya Jamaa wa Mgonjwa

Mzee wetu hubanwa na kifua akipanda mteremko wa feri pale Likoni. Daktari ataka apimwe kwa katheta. Ndiyo kupasuliwa moyo?

Hapana, kifua hakiguswi kisu. Katheta ni mrija laini wa upana wa kama milimita 2. Hupigwa ganzi mahali pa kuingilia tu, kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena, kisha mrija hupitishwa ndani ya ateri, mshipa wa damu itokayo moyoni, hadi penye moyo. Mzee atakuwa macho na ataweza kuzungumza. Hutiwa dawa ya rangi, na eksirei ikaonyesha kwenye skrini damu inapita wapi na imekwama wapi. Wengine huhisi joto la ghafla mwilini rangi inapoingia. Lapita upesi, asishtuke.

Si ameshafanyiwa eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti?

Eko huonyesha moyo unavyosukuma damu na vali, yaani milango yake, zinavyofunga. Mishipa inayolisha moyo wenyewe haionyeshi vizuri. Picha ya CT, eksirei ya kompyuta, yaweza kuionyesha, na kwa asiye na dalili nzito mara nyingi hiyo hutosha. Lakini CT haizibui kitu.

Wakikuta pameziba?

Mara nyingi huzibua papo hapo. Kiputo kidogo hupenyezwa hadi palipobana, kikajazwa, kisha huachwa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachozuia mshipa usijifunge tena. Kazi hii ya kiputo kwenye mishipa ya moyo ilianzwa na Andreas Grüntzig mjini Zurich mwaka 1977. Si kila mshipa uliobana huhitaji stenti: mwingine watosha dawa, na mishipa mingi ikiziba, upasuaji waweza kufaa zaidi. Kwa hivyo kaeni na daktari mapema, mkubaliane na gharama pia, kabla mzee hajalazwa mezani.

Kuna hatari?

Zipo: kuvuja damu pale mrija ulipoingia, mzio wa rangi, figo kudhurika, na kwa nadra kiharusi au mshtuko wa moyo. Mwenye kisukari au figo dhaifu aseme mapema, hasa akimeza metformin, dawa ya kisukari, na apimwe kwanza kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo.

Tuseme ameshawekewa stenti, na Ramadhani yaja. Aache vidonge mchana?

Hili ndilo linanitia hofu zaidi. Aspirini na klopidogreli huzuia damu isigande ndani ya stenti. Akiziacha kwa uamuzi wake, stenti yaweza kuziba ghafla na kumuua. Klopidogreli humezwa miezi mingi, mara nyingi 6 hadi 12, na aspirini huendelea baada ya hapo. Zote mbili kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, kwa hivyo daktari aweza kuzihamishia wakati wa kufuturu. Ila kama moyo wake waweza kuhimili saumu au la, hilo aamue daktari. Mpelekeni mzee na vidonge vyake vyote mkononi, wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama.